Pikipiki ya kastamu si ya forodhani: mashindano ya mafundi wa pikipiki huhukumu nini hasa?

Juzi video moja ilizunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp hapa Lamu. Pikipiki nyeusi, ndefu kama ngalawa, imelala hadi tumbo lagusa sakafu. Mtu akabonyeza kitufe, ikajiinua taratibu kama ngamia anayeamka na mzigo. Chini yake mtu kaandika maneno machache tu: "Bingwa wa dunia, pikipiki ya kastamu." Hakuna jina, hakuna mwaka, hakuna mji.

Jioni yake barazani Langoni hapakuwa na mazungumzo mengine. Mzee mmoja aliyefanya kazi ya uwakala wa mizigo miaka mingi akauliza kwa nini chombo kizuri vile kimeshikwa na kastamu, na ushuru wake ni kiasi gani. Kijana wa bodaboda akasema hiyo haiwezi kuwa bingwa wa chochote, haikati kona, Boxer yake itaiacha kabla haijafika Wiyoni. Wa tatu akakata shauri kwamba yote ni kazi ya kompyuta.

Wote watatu walikosea, lakini kila kosa lina mlango wake. Nitapita kwenye milango hiyo mmoja mmoja, kwa sababu swali lililo nyuma yake ni zuri: ikiwa si mbio, basi pikipiki hizi zinashindania nini, na nani anayesema hii imeshinda ile?

Tuanze na neno

Kastamu tuliyoizoea sisi watu wa bandari ni forodha: karatasi, mihuri na foleni. Hii nyingine ni neno la mafundi wa Marekani, na maana yake ipo kwa fundi cherehani yeyote. Ukinunua kanzu iliyoning'inizwa dukani, umenunua kanzu iliyoshonwa kwa mtu asiyejulikana, na bahati yako ikiwa mabega yenu yanalingana. Ukienda kwa fundi akakupima, ukachagua kitambaa na tarizi ya shingoni, hiyo imeshonwa kwa ajili yako peke yako. Pikipiki ya kastamu ni kanzu ya namna hii ya pili. Hapa nitaiita pikipiki ya kuundwa, tusije tukarudi bandarini.

Sasa, kuna kupamba, kuna kugeuza na kuna kuunda, na watu wengi huvitia vyote katika kapu moja. Kupamba twakujua sote. Boxer au TVS imetoka dukani, mwenyewe akaivika stika, taa za rangi, vyuma vya kukinga miguu, kiti cha manyoya na jina la mkewe kwenye madigadi. Pikipiki yenyewe haikuguswa. Kugeuza ni kuingiza mkono ndani zaidi: fremu na injini ni zile za kiwandani, lakini tangi limebadilishwa, kiti kimekatwa, ekzosi imepindwa upya, gurudumu la nyuma limekuwa pana. Kuunda ni pale fundi anapoanza na mabomba matupu ya chuma na injini iliyokaa mezani, akachora fremu yake, akaikunja, akaichomelea, akafua tangi kwa nyundo, wakati mwingine akakereza mwenyewe hata kipini cha breki.

Mashindano makubwa hutenganisha watu kwa mpangilio unaofanana na huu. Kuna kundi la mtindo huru, ambako fundi hana mpaka, na hilo ndilo linalotoa taji kubwa. Kuna makundi ya pikipiki za kiwandani zilizogeuzwa, kwa mfano Harley-Davidson peke yake. Ni haki, kwa sababu huwezi kumpima aliyejenga nyumba kutoka msingi pamoja na aliyebadilisha milango na madirisha, hata kama milango ya huyu wa pili imechongwa na fundi bora wa mtaa wetu wa Mkomani.

Nao walitoka wapi?

Baada ya vita kuu ya pili, vijana wa Kimarekani walirudi nyumbani na kuzikuta pikipiki zao nzito, zimejaa mabati. Wakaanza kupunguza. Madigadi ya mbele yakatolewa, ya nyuma yakafupishwa, kila kisichosaidia kwenda kikatupwa. Kutokana na kule kukata likatoka jina chopa. Kwetu chopa ni helikopta ya mwanasiasa inayotua uwanja wa shule wakati wa kampeni. Kwao ni pikipiki iliyokatwa. Kufikia miaka ya 1960 mtindo ulikuwa umegeuka: badala ya kupunguza tu, wakawa wanarefusha miguu ya mbele hadi gurudumu likawa linatangulia kama mtu anayenyoosha mkono gizani.

Uingereza walikwenda njia nyingine. Vijana waliokuwa wakikusanyika kwenye migahawa ya kando ya barabara, maarufu zaidi Ace Cafe ya London, walitaka kasi, kwa hiyo wakashusha usukani, wakasogeza kiti nyuma, wakalalia tangi. Wajapani walijifunza kwa wote wawili kisha wakafanya yao, na onyesho lao la Yokohama, linalofanyika Desemba tangu 1992, leo ni mahali ambapo mafundi wa Marekani na Ulaya huenda kujifunza. Nalitaja mapema kwa sababu barazani kuna mtu aliyedai kwamba mambo haya ni ya Wazungu tu.

Kwa nini urefu ule si uwendawazimu

Kijana wa bodaboda aliyesema haikati kona hakukosea kuhusu kona. Alichokosea ni kudhani fundi hajui.

Tazama kitanda cha hospitali chenye magurudumu. Ukikisukuma, kila gurudumu hugeuka na kujipanga nyuma ya msumari wake, likafuata. Gurudumu la mbele la pikipiki hufanya vivyo hivyo: mstari wa usukani, ukiurefusha kwa macho hadi ardhini, hugonga mbele kidogo ya pale tairi linapogusa. Lile pengo dogo ndilo linalofanya pikipiki ijinyooshe yenyewe ukiwa kasi. Ukiilaza miguu ya mbele zaidi, pengo linakua. Chombo kinashika njia kama jahazi lenye mkuku mrefu, raha tupu kwenye barabara iliyonyooka maili mia. Lakini mwendo mdogo usukani unakuwa mzito, unataka kuangukia upande, na kugeuka kunahitaji uwanja. Kwenye usita wa mui, ile njia nyembamba ya mji wetu, ambapo punda wawili wenye mizigo hupishana kwa kuombana radhi, chopa ndefu ingelazimika kurudi kinyumenyume hadi Mkomani.

Kwa hiyo urefu ni uchaguzi, na una bei yake. Fundi mzuri anaijua bei hiyo kabla hajakata chuma. Nalijua hili kwa sababu nimewahi kukaa nyuma ya pikipiki ya mtu asiyeijua.

Mpwa wangu ana Boxer 150, bara, upande wa Mokowe. Injini ya nguvu za farasi kama 12 hivi, ngumu, yenye subira ya punda. Aliona picha za chopa kwenye simu, akamwendea fundi mmoja wa kuchomelea, wakakata miguu ya mbele, wakaunga vipande vya bomba, inchi sita kila upande. Aliponipigia simu alikuwa na furaha ya bwana harusi. "Mjomba, njoo uone chopa yako."

Nikavuka. Kwa mbali ilipendeza, siwezi kusema uongo. Kwa karibu, taa ya mbele ilikuwa imeelekea minazini. Waya wa breki ya mbele na wa klachi zilivutika hadi ukigeuza usukani kushoto, klachi yajishika yenyewe. Kiti kililala nyuma, abiria wajihisi yuko kwa daktari wa meno. Tukaondoka kwenda mji mdogo wa Hindi, mimi nyuma nimepakata mkoba, na kila tuta la barabara nilisikia mlio mdogo kutoka mbele, kama mtu anayevunja kijiti. Tukasimama kununua maji. Akainama kufunga ndara yake, macho yakawa sawa na ule mwungo. Kulikuwa na ufa, mwembamba kama uzi, na pembeni yake kutu changa ya rangi ya hina. Tulirudi Mokowe kwa gari la mchanga, pikipiki imelazwa juu yake.

Kilichotokea ni rahisi kueleza. Miguu ya mbele ndiyo inayobeba kila breki na kila shimo, na nguvu hiyo huja kwa kukunja, si kwa kusukuma tu. Ukiurefusha mguu, mkunjo unaongezeka pale pale ulipounga. Tena moto wa kuchomelea hubadilisha tabia ya chuma kilicho kando ya mshono: kinaweza kuwa kigumu zaidi na chepesi zaidi kukatika. Mafundi wa chopa za kweli hawaungi miguu hivyo. Hutumia miguu mirefu iliyotengenezwa mizima, wakabadilisha na pembe ya shingo ya fremu ili chombo kizima kikae sawa, wakaweka waya ndefu zaidi na kurudisha taa mahali pake. Ukigusa kitu kimoja kwenye pikipiki, umegusa vitano. Anayekumbuka vyote vitano ndiye fundi, na hapo ndipo ilipo siri ya mashindano.

Mashindano yenyewe

Sisi tukisikia neno mashindano tunafikiria mbio. Punda wakati wa Maulidi, majahazi mbele ya mji, watu wamejaa ukutani wakipiga kelele. Mashindano ya mafundi wa pikipiki hayana mstari wa kumalizia. Pikipiki zimesimama ndani ya ukumbi, juu ya majukwaa, chini ya taa, siku mbili tatu, na watu wanazizunguka.

Yaliyojulikana zaidi kwa jina la ubingwa wa dunia yalianzishwa mwaka 2004 na jarida la biashara ya pikipiki, American Motorcycle Dealer, kwa kifupi AMD. Kwa miaka mingi nyumba yake ilikuwa Sturgis, mji mdogo wa jimbo la South Dakota wenye wakazi kama elfu saba, ambako wapenda pikipiki wamekuwa wakikusanyika Agosti tangu 1938, ila miaka michache ya vita. Mkusanyiko huo si mchezo: mwaka 2015, ulipotimiza mara ya 75, makadirio yalikuwa zaidi ya watu laki saba. Kaunti yetu nzima ya Lamu, kwa sensa ya 2019, ni watu 143,920. Hebu fikiria karibu Lamu tano zikishuka kwenye mji mdogo kama huo, kila mtu na injini yake.

Mwaka 2013 mashindano yalihamia Ujerumani, kwanza mji wa Essen, kisha Cologne, ndani ya maonyesho makubwa ya pikipiki yaitwayo Intermot, ambako yalifanyika 2014, 2016 na 2018. Intermot ya 2020 ilifutwa kwa korona. Kuna maonyesho mengine mengi, na kila moja lina desturi yake, kwa hiyo ukiona "bingwa wa dunia" chini ya video, swali la kwanza ni: wa lipi, na mwaka gani? Taji la pikipiki za kuundwa halina shirika moja linalolimiliki kama FIFA inavyomiliki kombe lake.

Lakini jambo ambalo watu wengi hawalijui, na mimi naliona ndilo tamu kuliko yote, ni nani anayehukumu. Katika ubingwa huu wa AMD hakukuwa na meza ya majaji wenye tai. Waliopiga kura ni washindani wenyewe. Umeleta pikipiki yako, unapewa nafasi ya kuhukumu za wenzako.

Ukiwa mtu wa Lamu jambo hili halikushangazi ukilifikiria kidogo. Nenda Matondoni siku ambayo jahazi jipya linakaribia kushushwa majini. Watu wa kawaida wanatazama rangi, jina lililoandikwa, na macho yaliyochorwa mbele. Mafundi hawatazami huko. Wanaingia ndani, wanachuchumaa, wanatazama taruma, zile mbavu za jahazi, zilivyokaa juu ya mkuku, wanapapasa kalafati iliyozibwa kati ya mbao kwa kidole. Mzee mmoja wa huko, fundi wa miaka mingi, nilimwona akipitisha kiganja kwenye maungio ya mbao huku ametazama pembeni kabisa, anaongea na mimi habari nyingine. Nikamuuliza mbona hatazami. Akasema, "Mato yangu yeo hayaoni, mkono waona." Kisha akasimama, akaenda kumnong'oneza mwenye chombo kitu. Ubao mmoja ukatolewa.

Kura ya mafundi wa pikipiki ni kiganja kile. Mtazamaji anaona tangi linang'aa. Fundi mwenzake analala chini na tochi ya simu kutazama jinsi tangi lilivyoshikwa kwenye fremu. Anatafuta waya za umeme zimefichwa wapi, kwa sababu injini yahitaji waya, na kama hazionekani basi mtu alikaa usiku mwingi akizipitisha ndani ya mabomba. Anatazama mshono wa kuchomelea kama vile bibi wa Kibajuni anavyotazama kofia ya mkono: anaigeuza ndani nje. Nje kila kofia ni nzuri. Ndani ndiko kunakoonyesha kama nukta zimefuatana kwa nafasi moja au mtu aliharakisha baada ya alasiri.

Si kwamba utaratibu huo hauna dosari. Mafundi ni watu, wana marafiki na wana visasi, na fundi huweza kuipenda kazi kwa ugumu wake hata kama ni mbaya kwa sura. Ndiyo maana maonyesho mengine hutumia majaji wenye karatasi za alama, na mengine huwaachia wageni wapige kura, ambapo mara nyingi hushinda ile yenye rangi kali. Mimi nikichaguzwa nitabaki na kura ya mafundi. Mgeni anaweza kudanganywa na rangi. Aliyekunja bomba lake mwenyewe likamvunjikia mara tatu ni vigumu kumdanganya kwa bomba.

Na ile pikipiki iliyojiinua? Hakuna kompyuta wala uchawi. Mahali pa shokomzoba za kawaida pamewekwa mifuko ya mpira inayojazwa upepo na pampu ndogo. Toa upepo, fremu yashuka hadi chini, na kwa kuwa inalalia tumbo lake haihitaji stendi. Jaza upepo, yanyanyuka na iko tayari kwenda. Mabasi ya masafa marefu yana mifuko ya aina hiyo hiyo, ila hakuna anayeipigia picha.

Pesa, na vitu vingine vinavyosemwa

Wanasema ni mchezo wa matajiri. Kuna ukweli, sitaukana. Injini kubwa ni ghali, mashine ya kukereza inayoongozwa na kompyuta ni ghali zaidi, na rangi peke yake yaweza kugharimu Boxer mpya. Lakini gharama kubwa kuliko zote ni ile isiyouzwa dukani. Chicara Nagata, Mjapani aliyekuwa msanifu wa michoro kwa kazi yake, alishinda ubingwa wa AMD mwaka 2006 kwa pikipiki aliyoijenga kuzunguka injini kuukuu. Vyombo vya habari vilivyomwandika vilisema kazi zake humchukua kama saa 7,500 kila moja. Nimepiga hesabu: saa nane kwa siku, siku sita kwa juma, bila kuumwa wala kwenda harusini, ni miaka mitatu. Miaka mitatu na pikipiki moja. Roger Goldammer wa Kanada, aliyechukua taji hilo zaidi ya mara moja, hakuwa mwana wa kiwanda chochote. Jina lake lilitokana na karakana ndogo.

Wanasema viwanda ndivyo vinavyoendesha mchezo. Mara nyingi mambo huenda kinyume, kiwanda ndicho kinachokuja kumpigia hodi fundi. Desemba 2018, BMW walipotaka kuonyesha injini yao mpya kubwa, hawakuiweka kwanza ndani ya pikipiki ya kiwandani. Waliwapa mafundi wa Kijapani wa karakana ya Custom Works Zon, nao wakaijengea mwili, ikaonyeshwa Yokohama. Pikipiki ya dukani yenye injini hiyo, R 18 ya cc 1,802, ilikuja 2020. Ni kama mwenye kiwanda cha vitambaa anayempelekea fundi maarufu jora la kwanza ashone kanzu moja, watu waione Ijumaa msikitini, ndipo auze kwa mita.

Wanasema ni pikipiki za kutazamwa tu, haziendi. Baadhi ni hivyo kweli, na mafundi wenyewe hubishana juu yake hadi usiku. Mashindano mengi yenye heshima hutaka injini iwake. Kwangu mimi pikipiki isiyoenda ni kama mlango uliochongwa vizuri ukatundikwa ukutani pasipo nyumba: sanaa, sawa, lakini usiniambie ni mlango.

Na Boxer yetu iliyopambwa je? Hapa nitawaudhi baadhi ya vijana. Stika na taa hazikufikishi Cologne. Lakini kuna kazi nyingine inayofanywa hapa ambayo hakuna anayeipigia makofi. Tangu serikali ilipoondoa kodi kwa pikipiki za chini ya cc 250 mwaka 2008, zimeenea kila pembe ya Kenya, na mafundi wetu wamejifunza kuzigeuza kwa kazi: kiti cha nyuma kikawa chanja cha kreti za samaki, fremu ya nyuma ikaongezwa bomba la pembetatu ili ibebe magunia, madigadi yakapakwa rangi ya mashua kwa sababu chumvi ya hapa hula bati la kiwandani kabla mkopo haujaisha. Hiyo ni kugeuza, tena kwa akili. Kinachokosekana ni mtu wa kulala chini na tochi kuutazama mshono.

Mtu wa hapa aweza kushiriki?

Hakuna kanuni inayokataza Mkenya. Mashindano ya dunia yaliwahi kujenga mtandao wa maonyesho washirika katika nchi mbalimbali, ambayo mshindi wake alisaidiwa kufika fainali, na hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya kawaida ya fundi mdogo. Vikwazo ni vya kawaida. Pikipiki yaanza safari kwa mashua hadi Mokowe, kisha barabara hadi Mombasa, kisha sanduku la mbao na ndege au meli, na hapo ndipo yule mzee wa baraza atakuwa amesema kweli, kwa sababu kastamu ya forodhani itaiona kastamu ya karakana na kuuliza inarudi lini.

Kuna na sheria ya hapa nyumbani, kabla ya hiyo ya safari. Namba ya fremu na namba ya injini ndizo zilizoandikwa kwenye logbook. Ukikata fremu penye namba, au ukabadilisha injini bila kuandikisha, machoni pa polisi hiyo si pikipiki yako tena, na bima ikisikia habari ya miguu iliyoungwa haitangoja chai. Anayetaka kuunda na kuendesha barabarani aanze na karatasi. Anayetaka kuunda kwa maonyesho tu ana uhuru zaidi, lakini asiazimishe ufunguo.

Mpwa wangu alinunua miguu ya mbele mipya, ya kiwandani, urefu wake ule ule wa zamani. Ile iliyoungwa hakuitupa. Ameikata katikati ya mshono kwa msumeno, akaipiga picha, akanitumia. Ukiitazama ndani utaona chuma kiliyeyuka nusu tu ya unene; nusu iliyobaki yalikuwa mabomba mawili yaliyosimama karibu karibu. Ameniuliza kama kuna mtu Mokowe au Lamu mwenye mashine ya kuchomelea kwa gesi ya agoni. Nimemwambia aanze Matondoni, akakae wiki moja na yule mzee. Akajibu kwa sauti, anacheka: "Mjomba, kwani yule ana mashine?"